Ndiyo Moja

Nakiri kosa ni langu,
msilitie ukungu,
ni kidole hiki changu
"ndiyo" ile kilotia.

Langoni, juu ya duka
la Famau wa mashuka,
ngazi moja huinuka:
chumba cha chanjo, kulia.

Mna meza ya mvule
na tarakilishi ile
yenye feni ya kelele;
majina yametulia.

Kila mtoto na siku
ya kuzaliwa, usiku
au mchana; na huku
dozi aliyopitia.

Bi Mwanatumu Shekuwe
kataka kadi zichapwe,
mapema mama wapewe
kesho wakishaingia.

Kichapishi kikagoma,
kikatema na kuhema,
"Nipe programu," kasema,
"ndipo nitachapishia."

Nikasema: "Kuna kitu
kidogo kama kiatu
cha mwana wa siku tatu,
sasa hivi nakitia."

Nikamwita mpagazi
wa vifurushi, mjuzi,
asiyechoka na kazi
amri akisikia.

Kaja na orodha ndefu,
herufi safu kwa safu,
nami kwa macho hafifu
juujuu kapitia.

Kasema: "Hiki naweka,
na hivi vilivyochoka,
mia na nane, hakika,
navitoa. Waridhia?"

Saa tano, na mbu tele,
na punda walia kule,
nikabofya "ndiyo" ile,
mwayo ukinijilia.

Amu na nyumba za mawe:
dari zake, uelewe,
hazishikwi ila iwe
boriti zimepitia.

Umwite fundi akupe
kidaka kipya, cheupe,
naye aseme: "Zitupe
boriti, zimefifia!"

Ndivyo alivyonifanya
mpagazi; kakusanya,
faili mama kamenya,
hakuna ilosalia.

Kwanza herufi zikafa,
kioo kina kifafa,
sina hila, maarifa,
giza likaniingia.

Kuizima, kuiwasha,
ikawa yanionyesha
kijiti kinachokesha,
chapepesa, chasinzia.

Na majina yote yamo!
Ndio uchungu wa somo:
yamelala ndani humo,
hakuna pa kuingia.

Nikampigia Lali,
yuko Mokowe, si mbali;
kwa sauti ya ukali:
"Hukusoma, ukatia?"

Kimya. Kisha akacheka.
"Ile flashi ya kuweka
mfumo mpya, kumbuka,
ya Idi nilikwachia."

Nikaipata koponi
kwa vifungo na sabuni,
naye Lali, sikioni,
herufi kanitajia.

"Mkwaju. Nukta. Acha
nafasi. Tumia kucha,
kitufe kimejificha.
Herufi ndogo! Rudia!"

Nikakumbuka chuoni,
ubao u mikononi,
"alifu" tukibaini,
kijiti chatupitia.

Huko kosa la irabu
lilitosha kwa adhabu;
nami leo, taratibu,
upya nikajianzia.

Boriti moja, ya pili,
zarudi, kwa tafadhali;
kumi na nusu, dalili
ya feni nikasikia.

Kwanza likatoka jina
la Muna wa Bi Sakina:
wiki kumi, dozi hana
ya pili; nami nalia.

Bi Mwanatumu kafika
na mkate na birika.
"Kadi zimeshachapika?"
Kwa wino naandikia.

Na kile kijikiatu
cha mwana wa siku tatu,
hadi leo, watu wetu,
bado sijakirudia.

Mpagazi hakukosa:
aliuliza kabisa,
akanipa na fursa,
mimi nimeisinzia.

Kitufe nimebandika
plasta, na nikitaka
kukibofya, hubanduka
polepole, kwa udhia.